Mechi Ambayo Sikuiuza

Yule mwandishi wa tamthilia alifika shuleni kwetu, nje kidogo ya Karurumo, katika majira ya vumbi, akiwa amevaa raba nyeupe. Alikuwa mwanamke wa Nairobi, mpole, mwepesi wa kucheka. Alikuwa ametumwa kuandika mchezo wa runinga kuhusu kocha wa mpira wa kikapu katika shule ya sekondari ya mashambani, na maishani mwake hakuwa amewahi kudunda mpira. Mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita Madam, alimleta uwanjani akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mgeni wako. Mwelezee."

Kuniambia mimi nieleze ni kama kumwonyesha mbuzi majani. Nimefundisha hesabu muda mrefu, na kazi ya mwalimu wa hesabu ni kueleza jambo lile lile mara ya nne kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza. Sijawahi kuichukia kazi hiyo. Kuna furaha fulani ya kumwona mtoto aliyekunja uso akiukunjua, na ninaamini mpaka leo kwamba hakuna mtu asiyeweza kuelewa, ila kuna watu ambao hawajaelezwa vizuri. Imani hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

Nilimzungusha. Nilimwonyesha sakafu ambayo wazazi waliimwaga wenyewe kwa ndoo na beleshi, na pete ambazo fundi wa Runyenjes alizichomelea kwa nondo za kujengea, kwa hiyo mpira ukigonga chuma ulirudi kwa hasira. Nilimweleza kwamba katika kandanda mchezaji akitolewa ndiyo basi, lakini katika kikapu kocha anaweza kumtoa msichana, akampa maji, akamrudisha, akamtoa tena. Kwa sababu hiyo kila anapomtoa mtu anakuwa amesema jambo, na kila asipomrudisha anakuwa amesema jambo kubwa zaidi.

Hapo ndipo aliponiuliza, "Kocha anaweza kuwa na sababu gani ya kumwacha mchezaji wake bora kwenye benchi fainali nzima?"

Nikamwambia: labda ameumia. Labda amekosa nidhamu. Labda amecheza rafu nyingi mapema na kocha anaogopa atafukuzwa uwanjani.

"Na nyingine?"

"Basi labda kocha amehongwa," nikasema. Nilisema hivyo kama ninavyowaambia wanafunzi wasisahau jibu hasi la mlinganyo. Huliandiki kwa kuwa ni la kweli. Unaliandika ili hesabu ikamilike.

Aliacha kutembea. "Imewahi kukutokea? Kumweka benchi mchezaji bora?"

"Mwaka jana. Fainali ya eneo, kule Githongo. Tulipigwa na Wameru kwa kikapu kimoja."

"Kwa nini ulimweka?"

"Hakuwa anajisikia vizuri."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bahasha isiyo na kitu ndani.

Wewe msomaji nitakueleza ambacho sikumweleza yeye, kwa sababu mwenye siri ameniruhusu. Leo ni mwanamke mzima, anameza dawa zake kila asubuhi, anasomea kazi yake, na ndiye aliyenipigia simu akaniambia, "Mwalimu, andika. Lakini usimtaje Baba." Basi sitamtaja kwa jina, wala yeye sitamtaja, wala mtu mwingine yeyote.

Alikuwa nahodha wangu, ingawa wakati ule alikuwa kidato cha pili tu. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na macho yanayoona pasi kabla haijatoka. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hiyo siku ya kwenda Githongo wasichana walikutana langoni alfajiri, kila mmoja na chupa yake ya chai. Baba yake alimleta kwa pikipiki. Alikuwa mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa letu, mtu wa kuheshimika. Hata kofia alikuwa anaivua akipita karibu na madhabahu ikiwa haina mtu. Alinivuta kando, nyuma ya kibanda cha bawabu.

"Mwalimu, huyu mtoto asicheze leo."

"Kwa nini, Mzee?"

Alitazama barabara kwanza. "Ameanguka tena. Mara hii alijing'ata ulimi."

Nilielewa. Kifafa kwetu ni neno linalosemwa mlango ukiwa umefungwa. Watu hawali chakula kilichobaki kwenye sahani ya mtoto wa namna hiyo. Wanasema kuna jambo katika nyumba. Nikaanza kumweleza, palepale, kwamba ni ugonjwa wa ubongo kama pumu ilivyo ya kifua, kwamba kuna dawa, kwamba hospitali ya Embu wana kliniki yake. Akanishika mkono.

"Mwalimu, najua wewe ni mtu wa kueleza. Hili usimweleze mtu. Wakwe wanakuja mwezi ujao kuongea habari ya dada yake. Wakisikia, watageuzia njiani."

"Basi abaki nyumbani apumzike."

"Akibaki, watu watauliza. Akae na wenzake, avae jezi, akae tu. Niahidi."

Nikamwahidi. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama kando ya pikipiki akitazama kiatu chake, na nilidhani ahadi hiyo nampa yeye.

Kule Githongo alikaa kwenye benchi mchezo mzima. Robo ya mwisho wasichana walinitazama, wazazi waliokuja na lori la shule wakaimba jina lake, nami nikasimama na kuwapa mgongo. Tukashindwa. Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Lakini watoto husahau haraka, na wazazi walikuwa na kahawa ya kuchuma. Likapita.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa muhula wa tatu wa mwaka aliokuja mwandishi, mara moja kwa wiki, baada ya taarifa ya habari. Jioni ya kwanza simu yangu haikunyamaza. Yule mwigizaji, mwanamume mrefu wa sauti nzito ambaye sikuwahi kuonana naye, alikuwa ametiwa kila kitu changu. Taulo begani. Kupiga goti kumfunga msichana kamba za kiatu huku anampa maelekezo. Hata ile "polepole, tuelewane" ninayosema nikianza kueleza. Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu.

"Ni wewe kabisa! Ila huyu ana nywele."

Nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu mkubwa Karurumo. Nikiingia hotelini kunywa chai, vijana walikuwa wakiniita kwa jina la yule kocha wa runinga na kuniuliza Jumanne ijayo itakuwaje, kana kwamba mimi niliishi wiki moja mbele yao. Nilikuwa nawaeleza kwa upole: ile ni hadithi, imetungwa, mimi mwenyewe nangoja kama nyinyi. Walikuwa wananikonyeza. "Sawa, kocha. Tunajua umekatazwa kusema."

Kisha, karibu na Krismasi, ikaja ile sehemu. Kocha wa runinga anakutana na mtu ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Siku ya fainali anamwacha nahodha wake kwenye benchi. Msichana analia na kumshika mkono, naye anaangalia pembeni. Wanashindwa kwa kikapu kimoja.

Mimi na mke wangu tulitazama matangazo ya sabuni mpaka mwisho.

"Githongo," mke wangu akasema.

"Ni hadithi."

"Najua ni hadithi. Ile ya Githongo ilikuwa nini?"

Nilipunguza sauti ya runinga. Alinigeukia kwa kiti kizima. "Wewe uliyemweleza mtoto wa dada yangu kupatwa kwa jua kwa kutumia chapati na ndizi, leo umeshindwa kunieleza mimi?"

"Si yangu kusema."

Hakuuliza tena. Lakini tangu usiku huo alikuwa na namna ya kuweka kikombe changu mezani bila kukitazama.

Nataka nikueleze vizuri namna watu wetu walivyoielewa ile sehemu, kwa maana mtu wa mbali anaweza kuwaona wajinga, na hawakuwa wajinga. Walijua tamthilia imetungwa. Walijua hakuna gari la vioo vyeusi Karurumo. Lakini walikuwa na swali ambalo halikuwahi kujibiwa, swali la Githongo, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amewapa jibu linaloingia sawasawa. Taulo ni lake. Maneno ni yake. Benchi ni lile. Mwandishi alikaa naye siku nzima uwanjani; ni nani mwingine aliyemwambia? Walifikiri nilikuwa nimekiri kwake nikidhani hatasema. Hata mimi, kama ningekuwa mmoja wao, ningeona hesabu imetoka.

Wa kwanza kunitupia neno walikuwa vijana wa bodaboda.

"Kocha! Wameru walikupa nini, kibunda cha miraa ya Laare?"

"Miraa, kocha? Kweli? Na sisi hapa tuna muguka, miraa ya kwetu, ya kumwaga!"

"Si ungetuambia tu, tungekuchangia hata gunia!"

Nilicheka nao. Nilidhani jambo likichekwa limekwisha. Nikasimama, nikaegemeza baiskeli, nikaanza: "Polepole, tuelewane," na nikaona nyuso zao zikibadilika. Wakatazamana. Mmoja akasema chini chini, "Unaona? Ndivyo yule anavyoanza akitaka kudanganya." Ilikuwa kweli. Katika tamthilia, yule kocha alikuwa anasema maneno hayo kila mara kabla ya uongo. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Januari wazazi walikuja kwa Madam. Hawakupiga kelele, walikuja wamevaa nguo za kanisani, na hiyo ni mbaya zaidi. Walitaka kujua ni mtoto gani aliye salama mikononi mwangu. Madam aliniita ofisini akanipa kiti.

"Mwalimu, mimi siuamini huo upuuzi. Nipe neno moja tu niwaambie. Kwa nini hakucheza?"

"Madam, hakuwa katika hali ya kucheza."

"Hali gani? Alikuwa mgonjwa?"

Kama ningesema ndiyo, angeuliza ugonjwa gani, na siku ile ile shule nzima ingekuwa inauliza. Alifungua mikono yake juu ya meza. "Basi timu ipumzike kwanza. Mpaka hapo utakapopata la kusema."

Wasichana hawakuambiwa sababu. Walinikuta nikifungia mipira kwenye stoo, na mmoja akauliza kama tutaanza wiki ijayo. Nikamwambia tutaona. Nilikuwa nimezoea kuwapa majibu kamili.

Sasa, kanisani kwetu kuna utaratibu. Mshiriki akituhumiwa, huitwa mbele ya wazee, akaulizwa. Asiporidhisha, anawekwa nje ya meza: anaweza kuja ibada, anaweza kuimba, lakini mkate na kikombe vinampita. Anabaki hivyo mpaka siku atakaposimama mbele ya watu wote na kupokewa tena. Nimeona wengi wakiwekwa nje, kwa ulevi au kwa ndoa ya pili, na wengi wakipokewa. Siukejeli utaratibu huo. Umewarudisha watu nyumbani kwao.

Niliitwa. Wazee walikaa kwenye mabenchi ya shule ya Jumapili, magoti juu. Baba yake nahodha alikuwa wa tatu kutoka dirishani. Mwenyekiti wao, mtu mwema, aliniuliza kwa upole.

"Ndugu, hatukuulizi habari ya runinga. Runinga ni runinga. Tunakuuliza kama ndugu: ulimweka yule mtoto benchi kwa sababu gani?"

Nilimtazama baba yake. Alikuwa anatazama kofia iliyokuwa mapajani mwake, akiizungusha kwa ukingo, polepole, kama mtu anayekagua mshono.

"Siwezi kusema," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Ni kwa sababu uliahidi mtu?"

Swali zuri kama hilo sijawahi kuulizwa. Chumba kizima kilingoja. Nikafikiri, sasa. Sasa atakohoa, atasema neno, hata "tuombe." Kofia ikazunguka. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, watauliza nani, na ni baba wa nani mwingine angeweza kuniomba jambo juu ya mtoto yule?

"Sina la kusema, wazee wangu."

Basi nikawekwa nje ya meza. Si kwa kuuza mechi, walisema, bali kwa kukataa kujibu. Nilikubaliana nao; hata mimi mwanafunzi asiyeonyesha njia simpi alama.

Baba yake nahodha alinifuata nje, karibu na miti ya kahawa. "Mwalimu, vumilia kidogo. Mahari imeshamalizika, imebaki harusi tu. Wakishafunga, mimi mwenyewe nitasimama niseme."

"Na mtoto, ulimpeleka kliniki?"

"Tunamwombea."

"Mzee, omba, na umpeleke."

Harusi ilifungwa Februari. Nilialikwa, nikakalishwa mbele, nikapewa nyama kubwa na baba wa bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe. Wiki moja baadaye nikamuuliza. Akasema wakwe bado ni wageni, tungoje binti apate mtoto, wamwone ni mzima. Nikamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ananieleza, tena kwa uvumilivu, kama mimi ninavyowaeleza wengine.

Mama wa nahodha wangu ndiye aliyempeleka mtoto kliniki, kwa siri, akisema anakwenda sokoni. Nilijua kwa sababu mtoto mwenyewe aliniambia. Wakati huo alikuwa kidato cha nne. Alibaki darasani baada ya somo, akajifanya anafuta ubao.

"Mwalimu, nitawaambia mimi."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba ni mimi. Naanguka. Sasa hata sianguki tena, tangu nianze dawa."

Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka kama wa mtoto. Nilikuwa na neno "sawa" mdomoni. Kisha nikamwona alivyosimama, na kifutio kikiwa kimeshikwa kwa mikono miwili, na nikawaza mabweni ya chuo, na vijana, na sahani ambazo watu watazisukuma kando.

"Ukilisema, hutaweza kulirudisha," nikamwambia. "Lisubiri uwe mkubwa, uliseme kwa sababu unataka, si kwa sababu ya kuniokoa mimi."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mtu mzima."

Alinitazama kwa yale macho ya pasi. "Hapo hujaeleza, Mwalimu. Hapo umekataa tu."

Aliweka kifutio akatoka.

Sehemu ya mwisho ya tamthilia ilionyeshwa wakati wa likizo ya Aprili. Kocha wa runinga anarudi shuleni, mvua inanyesha, anapiga magoti katikati ya uwanja mbele ya wazazi na wanafunzi. Anakiri. Nahodha wake anatembea kwenye mvua, anamshika bega, anamwinua. Muziki. Kijiji kizima kinakumbatiana. Jirani zetu, ng'ambo ya ua, walipiga makofi. Nilisikia mwanamke akilia kabisa. Mke wangu alizima runinga akaenda jikoni kupanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa.

Siku ya nne baba yake nahodha alikuja nyumbani pamoja na Madam. Walikuwa na nyuso za watu walioleta habari njema.

"Mwalimu, Mungu ni mwema," akasema mzee. "Watu wako tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Kukusamehe."

Madam akadakia haraka, "Na timu inarudi kwako, kabla ya michezo ya muhula wa pili. Wazazi wenyewe ndio walioniambia. Wanasema, kama hata yule alisamehewa..." Akaona jinsi ilivyosikika, akanywa chai.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Yule nani, Madam? Yule wa kwenye runinga?"

Madam aliinuka, akasema angependa kuona migomba yetu, na mke wangu akatoka naye bila hiari. Nikabaki na mzee.

"Unanisamehe nini, Mzee?"

"Mimi? Mimi sina neno na wewe. Ni watu."

"Lakini wewe unajua."

"Ndiyo sababu nimekuja mimi mwenyewe," akasema, kana kwamba amenipunguzia mzigo. "Hutasema chochote. Hutakiri. Utasimama tu, mimi nitaomba. Utarudi mezani, utapata watoto wako, mambo yaishe. Mwalimu, si unawapenda wale watoto?"

Nilikuwa nawapenda. Kati yao wapo waliokuwa wanarudi jioni kubeba maji na kukata majani ya ng'ombe, na ile saa moja ya mpira ndiyo ilikuwa yao peke yake katika siku nzima. Miezi mitatu pete zilikuwa zinaanikiwa nguo za mabawabu. Nilifikiri: ni kusimama tu. Nimesimama maisha yangu yote mbele ya watu.

Jumapili ile mke wangu hakuja kanisani. Alisema, "Nenda wewe. Mimi siwezi kupiga makofi kwa jambo hilo."

Niliitwa mbele. Nikasimama. Baba yake nahodha alishuka kutoka viti vya wazee, akaweka mkono wake juu ya kichwa changu, mkono mkavu wa mtu wa jembe. Aliomba kwa muda mrefu na aliomba vizuri. Alimwambia Mungu kwamba mtumishi wake alijaribiwa kama binadamu, kwamba Petro naye alikana, kwamba hakuna asiye na doa. Watu walikuwa wakiitikia amina kwa sauti za kuvunjika. Nilifungua macho. Binti yake alikuwa safu ya pili, naye macho yake yalikuwa wazi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama baba yake, bila hasira, jinsi mtu anavyosoma tangazo ukutani na kuelewa kwamba linamhusu.

Kisha wakaja kunishika mkono. Wote. Vijana wa bodaboda nao, wamechana nywele. Mwanamke mmoja mzee alinikumbatia akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu, sisi wote ni wakosaji," na hakuwa na hila hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba walikuwa wamenipenda sana siku ile. Kabla ya hapo walikuwa wananishuku tu, na anayeshukiwa bado ana njia ya kujitetea. Aliyesamehewa hana. Nilipopewa mkate, niliupokea kwa mikono miwili kama wengine.

Timu ilirudi. Nahodha wangu hakurudi. Baba yake alisema ni mwaka wa mtihani. Nafasi yake niliipa msichana wa kidato cha pili, mfupi, mwenye mbio, aliyekuwa anacheka akikosa. Wasichana walinipokea kwa adabu mpya. Nilipomtoa mmoja mazoezini, wengine walitazamana, kisha wakaendelea.

Mashindano ya kaunti ndogo yalifanyika Runyenjes. Uwanja ulijaa, wazazi wetu wote walikuja, na walikuwa wamekuja kwa ajili yangu, kuonyesha kwamba yamepita. Robo ya tatu yule mfupi aliruka, akatua juu ya mguu wa mwenzake. Nilisikia kifundo kikiteguka. Akainuka, akajaribu kukanyaga, akageuka kutazama benchi.

Kazi yangu pale ni nyepesi kuliko zote. Unanyanyua mkono, mtoto anatoka, unapiga goti, unauangalia mguu. Nimefanya hivyo bila kufikiri mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Siku ile, kabla ya kuutazama mguu, niliwatazama watu. Niliwatazama wazazi wetu waliosimama kwenye kamba ya pembeni, nikahesabu watafikiri nini nikimtoa mchezaji wangu bora tukiwa tunaongoza kwa pointi chache. Na wakati nahesabu mchezo ukaendelea, na mtoto akakimbia kwenda na kurudi akichechemea, akinitazama kila alipopita mbele yangu.

Nilimtoa. Nilichelewa, lakini nilimtoa. Mkono wangu ulipopanda, sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kamba, sauti ya mzaha, ya mtu anayenipenda:

"Eee, kocha! Si tulishakusamehe jamani?"

Wakacheka wote. Yule mtoto, akiwa anavua kiatu, akainua macho kuuliza ni nini kinachochekesha.

Tulishinda, kwa hiyo hakuna aliyezungumza zaidi. Kifundo kilivimba kama ngumi. Alikaa nje muhula mzima. Mama yake alinishukuru kwa kumpeleka hospitali.

Jumatatu nilimpelekea Madam ufunguo wa stoo. Alishangaa sana.

"Sasa? Baada ya yote haya? Si mambo yalikwisha?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nimeyapanga usiku, hatua kwa hatua, kama ninavyoyapanga ya darasani: kwamba kocha anayeutazama umma kabla ya kuutazama mguu wa mtoto ni hatari kuliko anayehongwa, kwa maana wa pili hongo yake huisha. Yangekuwa maelezo mazuri. Nilifungua mdomo, nikasikia "polepole, tuelewane" ikija, nikaufunga.

"Ni magoti, Madam," nikasema. "Yananiuma."

"Oo, magoti! Pole sana, Mwalimu," akasema, akapokea ufunguo. "Si ungesema tu mapema?"